Ukaguzi wa majukwaa ya ujenzi: ni mambo ya juzi, au ulikuwepo tangu zamani?

FundiPlasta_Busia | Ijumaa, saa 3:10 usiku

Wakubwa kwa wadogo, habari za jioni. Nina swali la historia, ila limetoka saitini, kwa hiyo mnivumilie nieleze kwanza.

Mimi ni fundi wa plasta, Busia, upande wetu wa Uganda. Tuko kwenye jengo la ghorofa nne. Jukwaa letu ni miti ya kalitunsi, yaani mikaratusi, na misumari ya inchi nne. Mbao za kukanyagia ni zilezile zilizomwagia slabu, zimeganda saruji na nyingine zimepasuka kwenye ncha. Jumanne ya wiki iliyopita mwenzangu, kijana ninayekula naye posho sahani moja, alikanyaga ubao ghorofa ya tatu. Ncha ile ilikuwa imepita mti wa kuegemea kwa hatua nzima, chini yake hakuna kitu. Ubao ukainuka upande wa pili kama mizani ya dukani, akaenda nao pamoja na karai la mchanganyiko. Chini kulikuwa na lundo la mchanga wa ziwani, ndilo lililomwokoa. Amevunjika nyonga na mkono wa kulia. Mkewe ana mtoto wa miezi mitano.

Jumatano tukawa juu ya jukwaa lilelile. Ubao uliomwangusha uliokotwa, ukarudishwa mahali pake, ukapigwa msumari mmoja.

Nilimwomba msimamizi aite mtu wa serikali aje akague. Akanijibu mbele ya watu wote: "Ukaguzi ni mambo ya juzi, yameletwa na watu wa miradi ya nje. Yale makanisa makubwa ya Kampala, Namirembe na Rubaga, mkaguzi alikuwa nani? Wazee walipanda, wakajenga, wakashuka." Watu wakacheka. Mimi sikuwa na la kusema kwa sababu kweli sijui. Nilisoma mpaka sekondari ya nne tu.

Jumatatu mwenye jengo anakuja kutoka Kampala, na tumekubaliana watu sita tuzungumze naye. Nisaidieni. Ni kweli kwamba miaka ile ya 1900 na kitu hapakuwa na serikali yoyote duniani iliyokagua majukwaa? Kama ilikuwepo, ilikuwa wapi, na mkaguzi alikuwa akiangalia nini hasa? Sitaki kusimama mbele ya mwenye mali na maneno ya kubahatisha.

---

Lori_Malaba | Ijumaa, saa 3:41 usiku

Pole sana kwa mwenzako. Lakini tuseme ukweli, msimamizi wako hajakosea kabisa. Baba yangu amejenga Tororo na Mbale maisha yake yote na hakuwahi kuona mkaguzi hata mmoja. Walichokuwa nacho ni mzee mmoja anayejua miti. Mtafuteni mtu wa namna hiyo, mlipe vizuri, mengine yaacheni.

---

Mzee_wa_Walukuba | Ijumaa, saa 5:25 usiku

Mwanangu wa Busia, pole, na umfikishie mgonjwa salamu zangu. Nilikuwa afisa wa kazi kwa miaka 27 na sasa nimestaafu, naishi hapa Walukuba, Jinja. Jambo hili nimelisoma kwa muda mrefu, na nina sababu yangu ambayo nitakueleza.

Anza na Marekani, jimbo la New York. Mwaka 1885 bunge la jimbo lile lilitunga sheria juu ya majukwaa ya ujenzi. Ilisema mtu anayeajiri au kumwongoza mfanyakazi haruhusiwi kumpandisha juu ya jukwaa, ngazi au winchi isiyo salama. Mwaka 1897 ikaandikwa upya ndani ya Sheria ya Kazi ya jimbo, na safari hii ikawekewa vipimo. Chukua tepu yako upime nami. Jukwaa likizidi futi 20 kutoka ardhini, yaani kama mita 6, liwe na mti wa kuzuia ulioinuka angalau inchi 34 juu ya mbao, karibu sentimita 86, urefu wote wa nje na kwenye ncha zake. Lifungwe lisiyumbe kutoka ukutani. Na liweze kubeba mara nne ya uzito mkubwa kabisa utakaowekwa juu yake. Umeona hiyo mara nne? Mafundi wawili na makarai yao na rundo la matofali wakifika kilo 300, jukwaa libebe kilo 1,200. Hayo yaliandikwa 1897. Kwa msimamizi wako hiyo ndiyo juzi.

Sasa fika kwenye kifungu ninachokipenda kuliko vyote. Kilisema kwamba ndani ya miji, likija lalamiko kuwa jukwaa au kamba au kapi zake si salama, serikali ipeleke mtu akague mara moja. Lalamiko lenyewe likishafika, ukaguzi ni wajibu. Hakungojwa aanguke mtu, wala hakuombwa ruhusa mwenye jengo kwanza.

Hilo neno "mara moja" ndilo linaloninyima usingizi, mwanangu. Mwaka 1991 niliwekwa kwenye mji mmoja wa mashariki. Siku moja ikaletwa karatasi ya daftari la shule, imekunjwa mara nne, haina jina. Imeandikwa kwa Kiswahili cha mapoota, yaani vibarua: "Kamba zimeoza upande wa barabara. Tunaomba mje." Pikipiki ya ofisi haikuwa na mafuta, na fungu la mafuta lilikuwa halijaingia. Karatasi ikakaa mezani kwangu siku tisa. Siku ya kumi nilipofika pale nilikuta kazi imesimama, kwa sababu juzi yake fundi mmoja alikuwa amezikwa. Niliokota kipande cha ile kamba ya katani, nikakiminya, kikawa unga mkononi. Nyumbani nilikuwa na baiskeli. Saiti ile ilikuwa kilomita kumi na moja.

Basi, turudi kwenye swali lako.

Uingereza walichelewa kidogo na walianzia mlango mwingine. Wakaguzi wa viwanda walikuwa nao tangu 1833, wanne tu kwa nchi nzima, lakini kazi yao ilikuwa viwanda vya nguo. Jengo linalojengwa halikuwa kiwanda, kwa hiyo mkaguzi alipita barabarani akalitazama tu. Mwaka 1895 sheria ya viwanda ikaanza kugusa saiti za ujenzi, hasa zile zenye mashine za mvuke. Mwaka 1897 ikaja sheria ya fidia. Kabla yake, ukianguka mahakama iliweza kukuambia: ulijua ni hatari, ukapanda kwa hiari yako, maana yake ulikubali. Hayako mbali na hayo ya "wazee walipanda" uliyoambiwa wewe, ila haya yalikuwa na muhuri wa jaji. Sheria ya 1897 ilisema mfanyakazi wa jengo lililozidi futi 30, linalojengwa au kukarabatiwa kwa jukwaa, alipwe. Akifa, wategemezi wake wapate mshahara wa miaka mitatu, usiopungua pauni 150 na usiozidi 300. Lakini futi 30 ni kama mita 9. Aliyeanguka kutoka jengo la futi 28 alivunjika mifupa ileile na hakupata kitu kwa sheria hiyo. Wanasheria wakaanza kubishana mahakamani ni kitu gani kinaitwa jukwaa na kipi ni mbao tu zilizowekwa juu ya vigoda. Kesi ya namna hiyo ilipanda mpaka Nyumba ya Malodi, mahakama yao ya juu kabisa wakati huo, mwaka 1901. Mwaka 1906 sheria mpya ya fidia ikaondoa mpaka huo wa futi. Kanuni za majengo zenyewe, zenye majukwaa ndani yake, zilitolewa 1926.

Nisikilize hapa vizuri, maana hapa ndipo jibu la makanisa lilipo. New Zealand ilitunga sheria ya kukagua majukwaa mwaka 1906. Jina lake ni hilo hasa, Sheria ya Ukaguzi wa Majukwaa. Majimbo ya Australia yakafuata: South Australia 1907, New South Wales, ndiko uliko mji wa Sydney, 1912, Western Australia 1924. Kule mkaguzi alikuwa na haki ya kuingia, kutazama, kuamuru jambo lirekebishwe, na mwenye kazi alitakiwa kumpa taarifa.

Sasa weka tarehe zetu kando ya hizo. Kanisa kuu la Namirembe unaloliona leo lilimalizika 1919, baada ya lile la kabla yake kuungua kwa radi mwaka 1910. Rubaga ilijengwa kuanzia 1914 hadi 1925. Kwa hiyo Waganda walipoanza kupandisha matofali ya Rubaga, fundi mwenzao wa Sydney alikuwa na sheria ya majukwaa yenye umri wa miaka miwili. Mfalme wao alikuwa mmoja, yule wa Uingereza. Picha yake ilikuwa kwenye sarafu za huku na kwenye sarafu za kule. Sheria ya viwanda ya kwetu ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Mwambie msimamizi wako kwamba mkaguzi hakuwepo Rubaga kwa sababu hakuletwa. Wenzetu walikuwa naye. Na hilo la kupanda, kujenga na kushuka, amwonyeshe nani aliyewahesabu walioshuka. Kwenye reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu, 1896 hadi 1901, serikali ilihesabu Wahindi 2,493 waliokufa. Waafrika waliokufa kwenye njia hiyohiyo hawamo katika hesabu hiyo. Pale ambapo hakuna anayeandika, kila mtu huonekana alishuka salama.

Ndugu wa Malaba, baba yako namheshimu. Huyo mzee anayejua miti ndiye mkaguzi, ila hakupewa mamlaka ya kusema "simamisheni" mwenye mali akatii.

---

Fundi_wa_Bombo | Jumamosi, saa 1:05 asubuhi

Mzee, asante. Nimesoma mara mbili.

Mimi naongeza la mikono. Babu yangu alifunga majukwaa ya kamba, hakutumia msumari hata mmoja, na hivyo ndivyo majukwaa yalivyofungwa hata huko Ulaya wakati huo, kabla ya mabomba ya chuma kuenea. Miti ya kusimama, miti mirefu ya kulala, halafu vijiti vifupi ambavyo ncha moja inaingia kwenye tundu la ukuta na ncha ya pili inakaa juu ya mti wa kulala. Juu yake mbao. Mkikuta ukuta wa zamani wa matofali wenye vitundu vilivyozibwa kwa mistari, hayo ni makovu ya jukwaa.

Kamba ina tabia yake. Ikilowa inakaza, ikikauka inalegea. Mvua ya usiku na jua la saa nne vinatosha kulegeza fundo lililokuwa kama chuma jana jioni. Babu alipita kila asubuhi na nyundo ya mti akigonga kabari zilizochomekwa kwenye mafundo. Hakuna aliyepanda kabla hajamaliza kugonga. Nadhani mkaguzi wa huko New York naye alianzia hapohapo, kwenye fundo.

Msumari nao usimdanganye mtu. Kalitunsi ikikatwa leo na kupigiliwa kesho bado mbichi. Baada ya wiki tatu imenyauka, imepasuka kwa urefu, na msumari unautoa kwa vidole. Mti uliotumika kwenye majengo matatu una matundu kama ungo.

Lakini Mzee, niruhusu niseme linaloniuma. Mkaguzi niliyemwona mimi maishani mwangu alishuka kwenye gari, akaingia kwenye kibanda cha msimamizi, akapewa chai, akaondoka. Hakuinua kichwa kutazama juu. Mwanao wa Busia akimwita huyo atakuwa amepata nini?

---

Mzee_wa_Walukuba | Jumamosi, saa 2:30 asubuhi

Mwanangu wa Bombo, sikukatalii. Nimekaa na watu wa namna hiyo ofisi moja.

Ila hata hilo waliotunga sheria ya 1897 walilifikiria, na ninavutiwa na jinsi walivyolifikiria. Mkaguzi akimaliza alitakiwa kubandika hati juu ya jukwaa lenyewe, ikisema kwamba amelikagua na amelikuta salama, au amelikuta si salama. Akilikuta si salama, amwandikie mara moja aliyelisimamisha, amwonye asilitumie. Taarifa hiyo aliweza kumpa mkononi au kuibandika pale kwenye jukwaa paonekane.

Tafakari maana yake. Chai inanyweka kibandani, lakini karatasi iko kwenye mti, na kila poota anayepanda anaisoma. Mkaguzi akiandika "salama" kwenye kamba iliyooza, jina lake linaning'inia hapo siku fundi anapoanguka. Mimi katika miaka yangu 27 niliandika ripoti nyingi sana, zote zikaingia kabatini. Sikuwahi kubandika hata moja kwenye mti. Hakuna aliyenikataza.

---

Lori_Malaba | Jumamosi, saa 2:52 asubuhi

Mzee, nimekuelewa. Nilidhani unamdharau baba. Nimempigia simu sasa hivi nikamuuliza kama kuna aliyewahi kuanguka. Amenyamaza kidogo, kisha akataja majina manne.

---

Mama_Usalama_Mbarara | Jumamosi, saa 4:15 asubuhi

Shukrani Mzee. Mimi ni afisa usalama kwenye saiti, nipo Mbarara, na hiyo hati ya kubandika nimeitambua mara moja. Kwenye saiti kubwa siku hizi tunaning'iniza kadi mlangoni mwa jukwaa, panapoanzia ngazi. Kijani panda, nyekundu usipande, na nyuma yake kuna tarehe na sahihi ya aliyekagua. Sikujua ukoo wake umeanzia mbali hivyo.

Kwa kaka wa Busia, yafaayo kwa Jumatatu.

Kilichomwangusha mwenzako kina kanuni yake. Ncha ya ubao isipite mti wa kuegemea zaidi ya mara nne ya unene wa ubao. Ubao wa inchi mbili usizidi inchi nane. Kama ni wa inchi moja na nusu, inchi sita. Pita jukwaa lote na tepu kabla hajafika mwenye jengo na uandike kila ncha iliyozidi, ghorofa gani, upande gani. Mtu mwenye mali husikiliza namba kuliko vilio, ndivyo nilivyoona mimi. Mti wa kuzuia uwe kiunoni, karibu mita moja, msijifunge na zile sentimita 86 za zamani. Ongezeni wa pili katikati, na ubao wa kusimama chini kwenye ukingo ili tofali lisiteleze likampiga aliye chini. Jukwaa lifungwe kwenye jengo kupitia madirishani. Na mbao zilizomwagia slabu zisirudi kukanyagiwa. Kwa nje huoni ufa uliojificha chini ya saruji.

Sheria tunayo. Tangu 2006 tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini iliyochukua nafasi ya ile ya viwanda aliyoitaja Mzee. Mkaguzi anaweza kuingia, kutoa hati ya kuamuru marekebisho, na hatari ikiwa mlangoni anaweza kutoa hati ya kusimamisha kazi. Ajali ya mwenzako inapaswa kuripotiwa. Na iko Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000, kwa hiyo mkewe asiambiwe kwamba ni bahati mbaya tu. Mwajiri apewe taarifa ya maandishi mapema, mbaki na nakala. Afisa wa kazi wa wilaya atawaelekeza.

Nikuambie na hili, kwa kuwa mimi pia nachekwa nikipanda ngazi na kofia yangu ngumu. Uingereza iliajiri wanawake wa kwanza kuwa wakaguzi wa viwanda mwaka 1893. Walikuwa wawili, May Abraham na Mary Paterson. Nimeandika majina yao ndani ya jalada la daftari langu la ukaguzi.

---

Fundi_wa_Bombo | Jumamosi, saa 4:40 asubuhi

Dada, hiyo ya mara nne ya unene haikuwa kichwani mwangu. Mimi nilikuwa nakadiria kwa kiganja. Leo napitia langu lote.

---

FundiPlasta_Busia | Jumapili, saa 12:20 jioni

Nimesoma yote nikiwa hospitalini, nimekaa kwenye ukingo wa kitanda. Mwenzangu alitaka nimsomee kwa sauti. Tulipofika kwenye ile karatasi ya daftari ya siku tisa akaniambia nisimame kidogo. Kisha akasema niendelee.

Mzee, usijilaumu mpaka mwisho. Naandika hivi kwa heshima, mimi ni mdogo kwako. Lakini ungekuwa hujaumia kwa ile karatasi usingetuandikia saa tano za usiku.

Leo tulikwenda saitini watatu, kwa kuwa Jumapili hakuna kazi. Tumepima. Ghorofa ya pili na ya tatu tu, upande wa barabara, tumekuta ncha 14 zilizozidi. Mti wa kuzuia haupo hata mmoja upande wa nyuma. Nimeandika kwenye daftari kama Mama alivyosema, ghorofa na upande. Swali moja limebaki: lalamiko la kule New York lilikuwa lazima liwe na jina la mtu? Wenzangu wawili wanaogopa kuandika majina.

---

Mzee_wa_Walukuba | Jumapili, saa 1:45 usiku

Maneno ya kifungu kile yanasema tu "lalamiko likifikishwa". Hayasemi mlalamikaji awe nani. Kwangu hilo lilitosha, na ile karatasi isiyo na jina ilikuwa lalamiko kamili.

Lakini nyinyi andikeni majina kama mnaweza, mwanangu. Nakwambia kwa nilivyoona mezani kwangu. Barua yenye majina sita, inayosema ncha 14, ghorofa ya pili na ya tatu, upande wa barabara, afisa akiiweka pembeni anajua sita hao watarudi kuuliza. Pelekeni nakala mbili. Moja ibaki kwake, ya pili aigonge muhuri na tarehe mrudi nayo. Hiyo tarehe msiipoteze. Kesho yake rudini, na kesho kutwa rudini. Kama kwenu hakuna mafuta ya pikipiki, mpelekeni nyinyi kwa boda. Ningeshukuru sana mwaka ule kama mtu angekuja kunisimamia mlangoni.

---

FundiPlasta_Busia | Jumatatu, saa 2:35 usiku

Nimerudi na habari.

Mwenye jengo alifika saa tano. Msimamizi akaanza kueleza maendeleo ya plasta. Mimi nikaomba ruhusa, nikafungua daftari. Nilidhani nitaanza na New York, lakini nilipomwona anatazama saa nikaanza na zile ncha 14, nikampeleka kwenye ubao wenyewe. Nikaweka tofali tatu kwenye ncha. Ubao ukainuka mbele yake. Alirudi nyuma hatua mbili, akauliza, "Hapa ndipo alipoanguka?" Nikamwambia hapana, pale alipoanguka ni juu ya hapa, na ubao ule bado uko kazini.

Msimamizi akarudia lile la Namirembe na Rubaga. Nikamjibu kama Mzee alivyonifundisha, kwamba Rubaga ilianza 1914 na sheria ya New South Wales ni ya 1912, chini ya mfalme mmoja. Hakucheka mtu. Mwenye jengo ni mtu wa Rubaga, kumbe. Akauliza nimeyapata wapi, nikasema kwa mzee mmoja wa Jinja.

Hakukubali yote. Mbao mpya amekubali, zinafika Jumatano kutoka Tororo. Mti wa kuzuia amekubali. Bili ya hospitali amesema "tutaona", na hapo sikumwelewa vizuri, kwa hiyo taarifa ya fidia tumeiandika na kumkabidhi, ameisaini kuwa ameipokea. Kuhusu mkaguzi wa serikali alisema haina haja, tumalizane wenyewe.

Tukaenda wilayani saa nane mchana. Kati ya sita walikwenda watano, mmoja alisema ana mgeni nyumbani. Afisa wa kazi ni mama mmoja. Alisoma barua yote tukiwa tumesimama, akaigonga muhuri, akasema atakuja Alhamisi. Nikamuuliza, kwa adabu, kama akilikuta si salama anaweza kubandika karatasi yake palepale kwenye jukwaa. Alinitazama kwa muda. Akasema hajawahi kuulizwa hivyo, akauliza kama ngazi yetu ina mahali pa kugongea msumari.

Upande wa barabara tumeufunga kwa kamba mpaka mbao zifike. Kesho tunapiga plasta ndani.